Neno la Kutawanyika

Mkuu wa kikosi alilala kifudifudi kwenye vumbi mbele ya wageni wake, akiwa na sare yake nyeupe na nishani zote, na hakuna mtu kambini aliyethubutu kucheka kwa sauti. Wageni nao walilala. Walikuwa wametoka wizarani kuja kutazama mazoezi kabla ya Siku ya Jeshi, wajionee kama ndege za mafunzo zinastahili kuendelea kupewa mafuta ya serikali, na badala ya kujionea wakaishia kula mchanga. Ndege namba mbili ilichomoka kwenye mstari katikati ya kona, ikaja chini chini juu ya jukwaa, ikang'oa hema na kupeperusha kofia ya katibu mmoja ambayo mpaka leo haijulikani iliangukia wapi. Hakuumia mtu. Lakini heshima ya Mkuu iliumia, na hiyo haina bandeji.

Rubani wa namba mbili alikuwa binti mwembamba waliyemwita Sindano. Wenzake walimpa jina hilo kwa ajili ya wembamba wake, na pia kwa sababu dada yake aliyemlea ni nesi wa zahanati iliyo jirani na kambi. Aliposhuka kwenye ndege hakungoja kuulizwa.

"Kapteni amesema haya," alisema. "Nimesikia haya, nikavunja mstari."

Hapa lazima tusimame kidogo tueleze. Katika kundi lile la maonyesho, ndege tatu zikiruka bawa kwa bawa, neno la kutawanyika lilikuwa "haya". Kiongozi akilitamka, namba mbili anavuta kulia, namba tatu anavuta kushoto, kiongozi mwenyewe anapanda juu wima, na hapo ndipo watu huku chini hupiga vigelegele. Aliyelichagua neno hilo enzi hizo alistahili viboko. Ni fupi, linasikika vizuri redioni, hatukatai. Lakini ni neno gani jingine ambalo watu wetu hulitamka mara nyingi hivyo bila wenyewe kujua wamelitamka? Kwa hiyo marubani walikuwa wameapa kulifuta midomoni mwao, hewani na ardhini. Wakikubali jambo walisema "sawa". Wakiagana walisema "baadaye". Nyumbani kwa kiongozi wao, mgeni akiropoka "haya", chumba kizima kilinyamaza kwanza, kisha watu wakacheka, na mgeni akabaki anajiuliza amekosea nini.

Kiongozi huyo ndiye Kapteni, na ndiye mume wa Nesi. Kazini alikuwa bosi wa Sindano na mwalimu aliyemfundisha kuruka. Nyumbani alikuwa shemeji yake, na wote watatu waliishi kwenye nyumba moja ya kambi, jiko moja, bafu moja.

"Sikusema," alisema Kapteni.

Hakuwa anadanganya. Mdanganyifu humeza mate, hutazama pembeni; Kapteni alimtazama Mkuu usoni, mkavu, mtu anayejua kilichotoka kinywani mwake na kisichotoka.

Mkuu akamgeukia rubani wa namba tatu. Huyu walimwita Bwana Harusi, kwa kuwa alipenda kupendeza na kwenye kila jambo alifika akiwa amechelewa kidogo. "Wewe ulisikia nini?"

"Redio ilikuwa inakwaruza, Mkuu," alisema Bwana Harusi, akiangalia viatu vyake. "Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana."

Rekodi haikuwepo. Ndege zile ndogo zilikuwa na viti viwili, injini moja na dua za wazazi. Kifaa cha kutunza sauti hazikuwa nacho.

"Wawili hawakusikia kitu, mmoja kasikia," alisema Mkuu, akijikung'uta vumbi kwenye nishani. "Mwenye matatizo ya masikio ni nani hapo? Vua mabawa."

Sindano aliifungua beji ya mabawa iliyokuwa kifuani pake. Pini ilimsumbua, na kwa kuwa hakuna aliyemsaidia, wote walisimama wakimsubiri. Mkuu aliipokea kwa vidole viwili, akaitumbukiza mfukoni.

"Alhamisi tunakaa kikao cha nidhamu. Jumamosi, Siku ya Jeshi, nitamtafuta mwingine wa kuruka. Mpaka hapo wewe kazi yako ni viti. Vioshe vyote ulivyovirusha."

* * *

Na hapa tusimfichie Nesi. Habari zilipomfikia moyo ulimlipuka, akatoka zahanatini mbio bila kuvua glavu, akampapasa mdogo wake mikono na mbavu. Alipomwona mzima, alifurahi. Alifurahi kwamba yu hai, na alifurahi zaidi kwamba ameshushwa. Tangu siku Sindano alipopanda ndege mara ya kwanza, Nesi alikuwa hajawahi kunywa chai ya asubuhi kwa raha. Mlio wa injini ukipita juu ya paa la zahanati mkono wake ulisimama hapo ulipo, na wagonjwa walishazoea kumsubiri mpaka mlio uishe.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo walikuwa wamegombana, yeye na mume wake, juu ya jambo lile lile la kila siku.

"Gari la wagonjwa halina mafuta tangu mwezi uliopita," Nesi alisema, akimwagia maji masufuria kwa hasira. "Mama mjamzito juzi kaletwa kwa toroli. Toroli, baba! Nyinyi mnayachoma hayo mafuta huko juu mkichora moshi."

"Ndege hizo ndiyo shule," alisema Kapteni akifunga viatu. "Wakati wa mafuriko dawa zililetwa na nani?"

"Zililetwa na ndege kubwa, si hivyo vipanga vyenu."

"Na rubani wa hiyo kubwa alianza na nini, kitandani kwa mama yake?"

"Basi fundisheni! Fundisheni kimyakimya, nani kawakataza? Kuna haja gani ya kubebana mabawa na kupinduka pinduka?"

Kapteni aliinuka. Alisema kwa upole, na upole wake ulimkera Nesi kuliko kelele. "Wanaotoa mafuta hawaji kutazama darasa, mke wangu. Wanakuja kutazama maonyesho. Nisipopinduka, darasa linafungwa."

"Na siku ukipinduka na mdogo wangu ubavuni msipinduke kurudi?"

Kapteni alichukua kofia akatoka, na Nesi akabaki na ugomvi wake mkononi pamoja na sufuria. Ugomvi usiokwisha mtu huondoka nao. Humfuata mpaka kazini, naye huendelea kuujibu peke yake huku vidole vikikaza usukani, na kwenye usukani wa ndege kitufe cha redio kipo hapo hapo kwenye kidole gumba.

Jioni walikaa mezani wawili tu. Sindano alikuwa amejifungia chumbani. Kapteni, uso umemkauka, alikula bila kuangalia sahani.

"Kampelekee shemeji yako neno moja la faraja," alisema Nesi. "Tangu mmerudi hajafungua mlango."

"Nitaenda."

"Usiseme nitaenda. Nenda. Umemfundisha wewe, umemwacha pale akavuliwa kama mwizi."

"Haya," alisema Kapteni, na kuvuta sahani karibu.

Nesi aliacha kutafuna. "Umesema nini?"

"Nimesema nitaenda."

"Hapana. Neno ulilosema."

"Nimesema sawa, nitaenda. Kuna nini?" Alimtazama kwa mshangao wa kweli kabisa. Aliendelea kula. Baada ya muda aliinuka, akagonga mlango wa Sindano, hakujibiwa, akaenda kulala.

Nesi alibaki mezani na jambo ambalo duniani alilijua yeye peke yake. Mume wake alikuwa amelisema angani. Lilimtoka kama lilivyomtoka mezani, na hajui. Kilichobaki kilikuwa ni Nesi kulisema. Akilisema, mdogo wake anasafishika, anarudishiwa mabawa, anarudi kule kule juu. Akinyamaza, kikao kinakaa Alhamisi, Sindano anafukuzwa urubani, analia mwezi, anatafutiwa kazi nyingine ya miguu kukanyaga ardhi, na anaishi mpaka azeeke.

Alikusanya vyombo, akaviosha, akanyamaza.

* * *

Kesho yake zahanati ilimtuma Nesi kambini kukagua hema la huduma ya kwanza la Jumamosi. Alipita nyuma ya jukwaa na kumkuta Sindano na ndoo, tambara na viti vya plastiki visivyo na idadi, anaosha kimoja kimoja juani. Alikuwa amevaa suruali ya kawaida na fulana iliyopauka. Wanafunzi wa urubani, wale ambao wiki iliyopita walikuwa wakimpigia saluti, walipita kwa kundi kuelekea kwenye ndege. Mmoja alisimama, akasitasita, akasema, "Samahani, dada, sogeza ndoo tupite." Juzi alikuwa anamwita afande. Sindano akaisogeza ndoo. Kijana mwenyewe aliona aibu, akaongeza mwendo.

Nesi alichukua tambara la pili wakaosha wote.

"Dada," alisema Sindano baada ya viti kadhaa, "wewe ni mtu wa hospitali. Mtu anaweza kusikia neno ambalo halikusemwa?"

Nesi alisugua mguu wa kiti ambao ulikuwa tayari safi.

"Shem hawezi kunidanganya," Sindano aliendelea. "Namjua. Akisema hakusema, hakusema. Basi ni mimi. Labda masikio yangu, labda kichwa. Nauliza tu, inatokea?"

"Inatokea," alisema Nesi. "Ukichoka. Ukiwa na wasiwasi."

Alilitamka jibu hilo kwa sauti yake ya kazini, ile ambayo wagonjwa huiamini, na papo hapo akajichukia.

Sindano aliitikia kwa kichwa polepole. Hakulia, na Nesi aliona afadhali angelia. "Basi kesho sitabishana nao. Nitakubali kwamba nilisikia vibaya. Na nikikubali hivyo, dada, sifai hata kuendesha baiskeli. Wanafunzi wangu watatu nimewafundisha kwa masikio haya haya. Namna gani nitaamini kitu tena? Nikisikia mtoto analia, nitajuaje kuwa analia?"

Akahamia kiti kingine. Mikono yake ilikuwa imeanza kuchubuka kwa sabuni ya kambi, na alikuwa anaosha kwa uangalifu, mbele na nyuma, kana kwamba viti vile ndivyo vitakavyomtetea. Nesi alitaka mdogo wake ashuke angani. Hakutaka ashuke namna hii, akiwa hajiamini hata masikio.

* * *

Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya kikao, Nesi alimzuia mume wake mlangoni.

"Ulisema wewe," alimwambia. "Lile neno. Ulisema angani."

Kapteni alimtazama. "Nani kakwambia?"

"Umelisema hapa mezani, juzi jioni. Umelisema jana tena ulipokuwa unatafuta soksi. Linakutoka, baba. Ukigombezwa linakutoka, na huna habari."

"Mimi? Miaka yote hii sijawahi kulitamka hata usingizini."

"Usingizini sijui. Mezani umelitamka."

"Sikiliza." Sauti yake ilishuka, na Nesi akajua amekasirika kweli. "Wewe huzipendi ndege, sawa. Lakini usinitengenezee kesi. Si ulitaka mdogo wako ashuke? Ameshushwa. Sasa unataka nini, na mimi nishuke?"

"Nataka usimwache akiri kosa lako."

"Hakuna kosa langu," alisema Kapteni, na akampita.

Ni vigumu kumlaumu. Mtu akiambiwa kwamba mdomo wake unafanya mambo bila ruhusa yake, atakubali vipi? Nesi alisimama mlangoni akifikiri namna ya kumthibitishia mtu jambo ambalo masikio yake mwenyewe yanamficha. Akikaa mbele ya Mkuu na kusema, nani atamwamini? Watasema dada anamtetea mdogo wake. Akavua aproni ya jikoni, akavaa koti lake jeupe la kazi, akaenda kambini nyuma ya mume wake.

* * *

Kikao kilikuwa ofisini kwa Mkuu. Marubani watatu walikaa mstari mmoja kwenye benchi: Kapteni, kisha Sindano, kisha Bwana Harusi aliyekuwa ameingia wa mwisho akihema. Mkuu alikuwa nyuma ya meza na kikombe cha chai. Zamani yeye mwenyewe aliwahi kuruka kwenye kundi lile, picha yake ya ujana ilikuwa ukutani, ana nywele.

"Nilisikia vibaya, Mkuu," Sindano alikuwa ameanza kusema. "Nimefikiri sana, na naona—"

Mlango ukafunguka bila kugongwa.

"Shemeji," alisema Mkuu, ambaye wake wote wa wanajeshi aliwaita shemeji, "hapa kuna kikao cha kijeshi."

"Najua, Mkuu, unisamehe. Namtaka mume wangu, sekunde moja tu." Nesi hakumngoja aruhusu. Alisimama mbele ya Kapteni, mikono kiunoni. "Gesi imeisha."

Kapteni aliwaka uso. "Nini?"

"Gesi. Imeisha. Nilikuambia Jumatatu itaisha, ukasema utaangalia."

"Mama, si hapa. Baadaye."

"Baadaye ipi? Bomba la bafuni linavuja tangu lini? Nalo baadaye? Mama yako anakuja Jumamosi kutazama maonyesho, nani anampokea stendi? Mimi nipo kwenye hema, wewe upo angani, atapokewa na nani, na upepo?"

"Nimekuambia tutaongea."

"Hatuongei! Mimi naongea, wewe unafunga viatu! Shati lako lile la sherehe halijapigwa pasi, na mlango wa kabati umeng'oka, na mwenye duka anakuuliza wewe, haniulizi mimi—"

Bwana Harusi alikuwa amekazana kutazama dari. Mkuu alikohoa. Sindano alimtazama dada yake kwa hofu ya mtu anayeona mtu wake anarukwa na akili hadharani. Jasho lilimtoka Kapteni kwenye paji la uso. Hakuna aibu ya mwanajeshi inayozidi kugombezwa na mke mbele ya mkubwa wake. Nesi aliiona aibu hiyo, ikamuuma, akaongeza sauti.

"—na mimi nimechoka, unasikia? Nimechoka!"

"Haya!" alisema Kapteni. "Nimesikia, nenda nyumbani!"

Mkono wa kulia wa Sindano uliokuwa juu ya goti uliruka ukaja tumboni, kama unaovuta usukani, na kupinda kulia, na mguu wake wa kulia ukasukuma sakafu. Nusu sekunde baadaye, kwa kuchelewa kama kawaida yake, mkono wa Bwana Harusi ukaja tumboni na kupinda kushoto. Na nyuma ya meza kikombe kikaanguka, maana mkono wa Mkuu nao, baada ya miaka yote ile ya kukaa ofisini, ulivuta kushoto na kukipiga.

Chai ilitiririka mezani. Hakuna aliyeifuta.

Kapteni aliangalia mkono wa Sindano, ambao bado ulikuwa tumboni. Aliangalia wa Bwana Harusi. Aliangalia kikombe.

"Nani amesema?" aliuliza.

Hakucheka mtu. Sindano aliushusha mkono wake taratibu na kuuweka gotini, akaufunika kwa ule mwingine.

"Umesema wewe, Kapteni," alisema Mkuu.

Bwana Harusi akaanza kulia, kijana mzima na mashati yake ya kupendeza. "Nilisikia siku ile," alisema. "Nilisikia, Mkuu, nikachelewa kuvuta. Nikamwona mwenzangu ameshatoka, na Kapteni bado yuko kwenye kona, nikadhani nimekosea mimi. Kisha Kapteni akasema hakusema. Ningembishia vipi?"

Mkono wa Kapteni ulikuwa umeshafika kwenye beji yake. Pini yake haikumsumbua, ilitoka mara moja. Aliiweka juu ya meza, kwenye chai.

"Jumamosi siruki," alisema. "Sijui nimelisema mara ngapi na sijui nitalisema lini tena. Aongoze yeye."

"Yeye?" Mkuu alimnyooshea kidole Sindano. "Aliyenilaza chini mbele ya wizara?"

"Alikulaza kwa sababu alitii. Wengine wote hapa tulikuwa tunasinzia."

Mkuu aliitazama beji iliyoloa chai. Alikuwa na wageni Jumamosi, na bila maonyesho hakuna mafuta, na bila mafuta hakuna kikosi. Hatujui ni haki iliyomsukuma au ni hesabu hiyo. Huenda na yeye hakujua. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa mabawa ya Sindano, akayafuta kwa kiganja na kuyasukuma kuvuka meza.

Nesi alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

* * *

Siku hiyo hiyo neno lilibadilishwa. Mtu alipendekeza "sasa", wakamtazama mpaka akaketi. Mwingine alipendekeza "moto", na huyo aliambiwa atoke nje. Mwisho wakachagua "jiografia", kwa kuwa ilionekana hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelitamka kwa bahati mbaya akiwa hewani.

Nyumbani hapakuwa na shangwe. Kapteni alirudi akakaa kwenye ngazi ya nyuma, akitengeneza mlango wa kabati ambao kweli ulikuwa umeng'oka.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia mke wake.

"Ndiyo."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia."

Aligeuza bisibisi mkononi. "Ningemuua," alisema. "Ningemuua yule mtoto kwa mdomo wangu, na pale makaburini ningesimama nikiapa kwamba sikusema." Uso ukamsinyaa. Nesi alikaa naye kwenye ngazi, wakakaa hivyo bila kugusana mabega, kila mmoja akiwa na yake.

Sindano alimkuta dada yake jikoni baadaye, akikata vitunguu.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu jioni ile ile."

"Kwa hiyo jana, kwenye viti, uliponiambia nimechoka, ulikuwa unajua."

Nesi aliweka kisu chini. Angeweza kusingizia vitunguu, lakini hakufanya hivyo. "Nilikuwa najua."

"Ulitaka nishuke."

"Bado nataka."

Sindano alisimama mlangoni, mabawa yake kifuani, yameenda upande kwa kuwa aliyabandika kwa haraka. "Nilikaa usiku kucha nikijiona mwendawazimu, dada."

"Najua. Nisamehe."

"Sijui kama nitaweza leo," alisema Sindano. Alichukua kisu, akaendelea na vitunguu pale dada yake alipoishia.

* * *

Jumamosi gari la wagonjwa lilikuwepo. Lilikuwa limejazwa mafuta mpaka shingoni kwa amri kutoka juu, likaoshwa, likapakwa rangi matairi, likaegeshwa kando ya jukwaa lipendeze. Nesi alisimama karibu nalo, machela imekunjuliwa, na akaiangalia geji ya mafuta mara mbili kwa uchungu. Mwezi mzima lilikosekana, leo limepatikana kwa ajili ya mtu ambaye huenda akaanguka. Na mtu huyo alikuwa wake.

Kapteni alikuwa jukwaani pembeni ya Mkuu, amevaa suruali ya kawaida, ameshika redio ya ardhini kwa mikono miwili. Aliambiwa asikilize tu. Mama yake alikuwa mstari wa nyuma, akiwauliza watu mwanawe yuko ndege ipi, na hakuna aliyemjibu.

Ndege tatu zilipita mara ya kwanza chini, bawa kwa bawa, na watu wakainuka. Watoto walipiga kelele. Wanaume wa wizarani, safari hii wamevaa kofia za kufungwa kidevuni, waliinua shingo. Nesi alijua ya mbele ni ya Sindano; namba mbili sasa alikuwa rubani wa akiba aliyetafutwa na Mkuu. Zilipinda, zikapanda, zikageuka matumbo juu zote tatu pamoja, na kwa muda mdogo ule kulikuwa na uzuri ambao hata yeye hakuweza kuukana, akajikasirikia kwa kuuona.

Mwandishi wa redio alikuwa anapita kati ya watu na kipaza sauti. Aliona koti jeupe, akaja mbio.

"Mama, wewe ni mtu wa afya," alisema. "Wananchi wanalalamika dawa hakuna, magari ya wagonjwa hayana mafuta, na serikali inarusha ndege za maonyesho. Kwa maoni yako zina faida, au ni hasara tupu?"

Nesi alikuwa na jibu. Alikuwa nalo miaka, alilitoa kila asubuhi juu ya masufuria, na hakuna aliyewahi kumletea kipaza sauti. Juu yao ndege tatu zilikuwa zimegeuka na zinarudi, zikikua, moja kwa moja kuelekea jukwaani. Kisha zikatawanyika: moja kulia, moja kushoto, na ya mbele ikapanda wima, ikapanda, ikawa ndogo, mpaka mlio wake ukakatika kule juu na haikuwa wazi kwa aliye chini kama imesimama, inapanda bado, au imeanza kushuka.

"Mama?" alisema mwandishi. "Tupo hewani. Zina faida?"

"Huyo wa juu ni mdogo wangu," alisema Nesi bila kuondoa macho. "Niulize akishatua."